Mwalimu Kalisti na Kazi Iliyovishwa Jina la Mwingine

Baba Paroko, ndugu na majirani mliofika hapa Izia, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Coleta, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee historia ya maisha ya kaka yetu, na wapo walioniomba tangu asubuhi niisome kwa upole, nami nimewajibu kuwa nitaisoma kama ilivyo.

Mwalimu Kalisti Mathias alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 hapa Izia, mtoto wa tatu wa Mzee Mathias na Mama Salome, wakulima wa mahindi na ulezi. Alisoma shule ya msingi na sekondari hapa Sumbawanga kuanzia 1970 hadi 1980, akaenda Dar es Salaam kusomea ufundi wa umeme, akamaliza 1984, na mwaka uliofuata akaajiriwa na shirika moja la umma katika chumba cha kompyuta, ambako meza yake ilitazamana na ya Ndugu Leonidas, yule pale mstari wa mbele, mwenye suti nyeusi.

Tarehe 6 Juni 1992 alifunga ndoa na Redempta, wakajaliwa watoto watatu, Justina, Clemens na Yonas. Mwaka 1996 shirika likabinafsishwa, Kalisti akapunguzwa kazini, Leonidas akabaki, kaka yetu akarudi nyumbani na kompyuta moja chakavu aliyoifunga kwa blanketi, akaanza kufundisha Hisabati katika sekondari ya binafsi, maana wakati huo shule hizo zilikuwa zinaota kama uyoga.

Kompyuta ile ilikuwa na ugonjwa, ukifungua programu mbili zenye picha, skrini inaganda. Kalisti aligundua kwamba kosa liko kwenye kiini, yaani ile programu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu, kwa sababu programu mbili zilipotumia picha moja, ya kwanza ikimaliza tu, kiini kiliifuta picha hali ya pili bado inaisoma. Alituambia kiini hicho ni mwalimu asiye na adabu, anafuta ubao watoto hawajamaliza kunakili, na waliosoma kwake wanajua kuwa yeye hakufuta ubao mpaka wa mwisho aweke kalamu chini. Kwa hiyo akakifundisha kiini kuhesabu, wangapi bado wanasoma, na kisifute mpaka hesabu ifike sifuri, kazi iliyomchukua kuanzia Januari 2000 hadi Machi 2002.

Kiini hicho ni cha wataalamu wa dunia nzima, yeyote anaweza kutuma sahihisho, nalo likikubaliwa jina lake linaandikwa. Intaneti huku kwetu ilikuwa haijafika, hivyo Kalisti alimtumia Leonidas disketi kwa basi, pamoja na barua ambayo nakala yake ninayo, akisema, "Ndugu yangu, usiitume kwanza, mimi nina mashine ya prosesa moja tu, nijaribie kwenye prosesa mbili," yaani kwenye kompyuta yenye bongo mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Leonidas alijibu kuwa bado anaijaribu.

Mei 2004 kulifunguliwa duka la intaneti hapa mjini, Kalisti akaenda, akakuta mistari yote ya sahihisho lake, neno kwa neno, imewekwa tarehe 8 Julai 2002 kwa jina la Leonidas, ambaye kwa kazi hiyo alikwisha kualikwa Ulaya na kufungua kampuni. Kaka yangu alirudi nyumbani, akafungua madaftari yake, akaanza kutafuta ni wapi mashine ya prosesa mbili ingekosea. Nilimchukia Leonidas siku hizo, namchukia na leo, Baba Paroko nitakuja kuungama Jumamosi.

Septemba 2004 Kalisti aligundulika kuwa na saratani ya ini. Januari, akiwa wodini, ilifika barua ya Leonidas, kwamba mashine za wateja wake zenye prosesa mbili zinaganda, tena akaomba msaada kwa jina la urafiki. Kalisti alicheka mpaka nesi akaja. Dawa ya kosa hilo alikwisha kuiandika kwenye madaftari yake, nayo ni kufuli, ili prosesa mbili zisiguse hesabu kwa wakati mmoja, akamsomea Justina, Justina akaichapa na kuituma mwenyewe kwa wale wataalamu wa dunia, kwa jina la baba yake, tarehe 3 Februari 2005. Ilikubaliwa tarehe 9, kaka akasomewa jibu, akafariki tarehe 12, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na manesi waliomhudumia, majirani wa Izia mlioleta kuni na maji bila kuitwa, na walimu wenzake waliomfundishia vipindi miezi mitano.

Na Ndugu Leonidas, asante kwa shada. Jana ulimwomba mjane madaftari ya marehemu, ukasema unataka kuyatunza, usihangaike, lile sahihisho liko wazi kwa dunia nzima kwa jina la Kalisti Mathias wa Sumbawanga, na chini yake ameeleza kwa maneno yake mwenyewe kwamba linaondoa kosa lililoingizwa na Leonidas tarehe 8 Julai 2002. Nilimuuliza Justina maandishi hayo yatakaa muda gani, akaniambia, shangazi, yale hayafutwi. Ulilitaka jina, nalo limebaki, pamoja na kosa lake.

Kalisti, kaka yangu, amani tunayokuombea leo ni yako peke yako, pumzika nayo.