Mzigo, Furushi na Bibi wa Ghorofa ya Tatu

Benchi lilikuwa la Mama Kahawa, ingawa waliolikalia walijiona wamelirithi. Tangu alfajiri alikuwa amesimama kwenye jiko lake, miguu imemvimba, akiwamiminia wanaume watatu wasio na haraka ya kwenda popote: Kamusi, kinyozi asiyeishiwa maneno, Spana, fundi magari, na Shemasi, ambaye kanisa lilimvua ushemasi jina likambakia. Ghorofa ya tatu, juu yao, bibi wa watu alikuwa ameteleza akavunjika nyonga, na binti yake ametoka mbio kutafuta gari. Wote watatu walisema "maskini," kisha wakageukia Wagalatia.

— Biblia inajipinga, Kamusi akasema. Sura ya sita: mchukuliane mizigo. Shuka kidogo tu: kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Sasa tushike lipi?

— Mzigo si furushi, bwana, Shemasi akajibu. Furushi unajitwika peke yako. Mzigo unataka watu.

— Kilo ngapi?

— Haikuandikwa.

— Niachieni mimi, akadakia Spana. Hata jeki ina kipimo. Kilo hamsini kushuka chini, furushi. Kupanda juu, mzigo.

— Na chenye roho je? Kamusi akauliza. Chenye roho si mzigo wala furushi. Hakimo kwenye sheria kabisa!

— Wahenga walishamaliza, Shemasi akasema. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwepesi! Kwa hiyo mwachie mwenyewe aubebe.

Mama Kahawa, aliyebeba mimba nne bila kuuliza mstari, akasonya.

— Nyie gharika ingewakuta mnapima mbao.

Gari likasimama. Binti wa bibi akashuka.

— Shikamooni. Mama habebeki mgongoni, lazima alale. Nani atanishikia upande wa kichwa?

Shemasi akamtazama Kamusi. Kamusi akamtazama Spana. Spana akachungulia kikombe chake.

— Ana uzito gani?

Mama Kahawa akaweka birika chini.

— Ondokeni.

— Tuondoke vipi, mama, na hoja haija...

— Nimesema tokeni kwenye benchi langu!

Wakainuka, vikombe mkononi. Mama Kahawa akashika ncha moja ya benchi, binti akashika nyingine, wakapanda nalo ngazi.

Waliposhuka, bibi amefungwa kwa shuka juu ya benchi, anaguna kila ngazi, wale watatu walijibanza ukutani kuwapisha. Shemasi akavua kofia.

— Pole sana, mama. Mungu atawasaidia kubeba.

— Mwambie ashike hapa, akasema Mama Kahawa bila kugeuka. Mkono unakatika.