Bi Alawiya na Meza ya Theluji

Bi Alawiya Bafadhil atastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, mkurugenzi wetu Kitsao Ngala alitangaza Jumatatu. Limebaki swali moja: je, Kanze Mwaro, anayempokea kazi kwenye meza ya theluji, atarithi uwezo wa kuamuru msafara urudi kwa sababu ya theluji, au atakuwa wa kushauri tu?

Bi Alawiya alijiunga nasi mwaka 1996 kama karani, ofisi ikiwa juu ya duka la vitambaa Mji wa Kale, kampuni ikianza kuwapeleka watu wa Pwani kupanda milima ya mashariki mwa Uturuki. Mwaka huo wa kwanza aliwafungashia mafuta ya nazi ya kupaka usoni. Yaliganda kama mshumaa, waongozaji wakayachonga kwa kisu. Tangu hapo hakuamini kitu bila kuuliza.

Alitaka kujua kwa nini maporomoko huua watu hata mwanzoni mwa msimu, theluji ikiwa bado kidogo. Waongozaji walimweleza, naye akalijaribu jambo hilo jikoni kwake: sukari chini, unga juu, sinia ikainuliwa upande mmoja. Theluji ya kwanza ikikaa kwenye baridi kali hugeuka punje zisizoshikana. Nyingine ikianguka juu yake, mteremko mzima waweza kuteleza. Wateja wengi walioneshwa sinia hiyo kabla ya kuoneshwa tiketi. Yeye mwenyewe hajawahi kugusa theluji ya mlimani.

Kila alfajiri ya safari alipokea simu ya setilaiti na kuuliza mambo matatu: imeanguka kiasi gani tangu jana, upepo umeirundika wapi, na je, kumesikika mshindo chini ya miguu, dalili kwamba theluji ya chini inabomoka?

Novemba 2019, mwongozaji Maxwell Tsuma alijibu kwamba ameusikia, kama gunia lililotuliwa. Bi Alawiya akawaamuru waliache korongo walilopanga kulipanda, warudi kambini kwa mgongo wa mlima. Abdulbasit, mteja mwenye duka Makupa, akaichukua simu.

“Bi Alawiya, wewe uko Mji wa Kale wapunga upepo. Theluji waijua ya friji tu.”

“Hata hiyo ya friji, baba, humwangukia mtu miguuni. Haya, rudini.”

Walirudi wakinung’unika. Kesho yake adhuhuri korongo liliporomoka, upana wa mita arubaini. Halikuwa na mtu.

Si mara zote ilikuwa hivyo. Kati ya misafara kumi na mmoja aliyoirudisha, ni mitatu tu ambayo mteremko uliporomoka baadaye. Baadhi ya wateja wa ile minane wamelalamika kwamba walikatizwa bure. Yeye hujibu kwamba hakujua kama mteremko ungeporomoka, na ndiyo maana aliwarudisha.

Abdulbasit amewaandikia wakurugenzi barua akiomba uwezo huo ubaki. Kanze amesema hataikalia meza hiyo bila uwezo huo.

Bi Alawiya, ahsante kwa maswali yako. Tunakuombea afya, na alfajiri zisizo na simu.

Wakurugenzi watapiga kura kuhusu uwezo huo Ijumaa hiyo hiyo, saa nne asubuhi. Bi Alawiya atakuwa kazini mpaka saa kumi na moja jioni.