Bi Gundula Petzold na Chumba Ambacho Hajawahi Kukiingia

Jumapili tarehe 30 Novemba 2025, siku ambayo nyumba nyingi za Dresden zitawasha mshumaa wa kwanza wa Majilio, Bi Gundula Petzold atakuwa amemaliza miaka thelathini na miwili ya utumishi katika taasisi yetu ya utafiti wa elektroniki za nano. Ofisi yake ya ghorofa ya pili, mkabala na ngazi, itapata mtu mwingine. Kiti chake hakitapata mtu, maana anaondoka nacho. Alikuja nacho mwenyewe mwaka 1993.

Alikitoa katika kiwanda cha zamani cha chipu za kompyuta kilichofungwa muda mfupi baada ya Ujerumani mbili kuungana. Huko alikuwa mfasiri wa Kirusi na Kifaransa. Taasisi yetu ilipoanza ilikuwa na wanafizikia wengi, mashine chache, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua kuiomba serikali pesa bila kuiudhi. Bi Gundula akaombwa ashike kazi hiyo kwa wiki chache, mpaka apatikane mwenyewe. Wiki hizo chache ndizo zinazoisha mwezi huu.

Kwa wale walioingia juzi, kazi yake ni hii. Sisi tunatafuta mambo ambayo viwanda vitayahitaji baada ya miaka kumi, na huenda visiyahitaji kabisa. Hakuna tajiri anayenunua mashine ya kuchora mistari myembamba kuliko kirusi ili tu aone kama jambo linawezekana. Anayelipa ni mlipa kodi, kupitia jimbo la Saksonia, serikali ya Berlin na Umoja wa Ulaya kule Brussels. Bi Gundula anawaita wote watatu mafiga. Likikosekana moja, chungu kinamwagika.

Shida ya mafiga haya ni kwamba kila moja hupenda kuwekwa la mwisho. Wale wa Saksonia, hapa Dresden, husema, "Tunawasikiliza Berlin." Berlin husema, "Brussels wakikubali, sisi hatuna neno." Brussels nao huuliza, "Kwenu nyumbani wamesemaje?" Mwaka 2003 mzunguko huo ulidumu hadi mashine iliyokuwa ikiombewa ikaacha kutengenezwa. Bi Gundula hakugombana na mtu. Aliwaalika maafisa watatu siku moja, kila mmoja akidhani ameitwa peke yake, akawaketisha mbele ya sufuria ya supu ya viazi na soseji. "Haya jamani," aliwaambia, "leo kila mtu amngoje mwenzake hapahapa mezani." Kabla supu haijapoa, yule wa Saksonia alikuwa ameshasema ndiyo, kwa kuona aibu tu ya kutazamwa.

Lakini watafiti wetu watamkumbuka zaidi kwa swali moja. Mtu akimpelekea rasimu ya ombi la ruzuku, haulizi utapata nini. Anauliza, "Niambie, ni nini usichokijua?" Profesa Gunter Liebscher, mkurugenzi wetu aliyestaafu kabla yake, alimpelekea siku za mwanzo rasimu iliyojaa maneno "tutathibitisha" na "tutaonyesha". Alirudishiwa na maneno ambayo bado yanasimuliwa kantini: "Profesa wangu, kama jibu unalo, nenda benki. Mimi serikali naiomba pesa za maswali."

Na bado, kwa miaka yote hiyo, mwanamke aliyekiombea chumba safi, kile ambamo chipu hutengenezwa bila hata chembe ya vumbi, kila kilichomo hakuwahi kukanyaga ndani yake. Wengi wamejiuliza kwa nini. Wako waliosema ni moshi wa sigara zake ndogo, kwa kuwa mvutaji haruhusiwi kupumua humo kabla pafu halijatulia. Wako waliosema anaogopa milango inayojifunga. Sababu ya kweli ilijulikana Jumanne tarehe 9 Desemba 2014, na kwa kuwa watu wanaisimulia kila mmoja kwa namna yake, ni vyema iandikwe hapa jinsi ilivyokuwa.

Mwaka ule Dakta Tilo Wünsche na kundi lake walikuwa na swali ambalo halikuwa na jibu popote Ulaya. Je, chipu inaweza kuhifadhi kumbukumbu yake umeme ukikatika, kwa kutumia utando mwembamba kiasi kwamba ungehesabu safu zake za atomi kwa vidole? Fedha zao zilikuwa zinakwisha mwezi Machi, na mikataba yao pamoja nazo. Mafiga mawili yalikuwa tayari. La tatu, Brussels, lilimtuma Profesa Aino-Kaisa Rautio kutoka Ufini na wenzake wanne waje kukagua. Wakisema hapana, Tilo na wenzake wangefungasha.

Kila kitu kilipangwa. Kanuni za usafi zilibandikwa upya mlangoni: hakuna poda usoni, hakuna manukato, hakuna sweta la sufu, hakuna penseli. Ziliandikwa na Profesa Liebscher mwenyewe, mtu aliyeweza kukugombeza kwa mba. Saa tatu asubuhi profesa huyohuyo akaingia chumba cha mkutano amekumbatia stollen mbili, mikate mitamu ya Krismasi ya shemeji yake mwoka mikate, nzito kama watoto wachanga, zimefunikwa sukari ya unga mpaka zabibu hazionekani.

Mtu asiye wa Dresden angeuliza hapohapo. Sisi hakuna aliyeuliza. Mgeni amekuja Desemba, atakaribishwa kwa nini kingine? Stollen kwetu haihesabiwi kuwa chakula, na haikumpitikia mtu kuiandika kwenye kanuni. Wageni wakala. Sukari ikaanguka kwenye tai, kwenye ndevu, kwenye mikono ya makoti. Kila aliyecheka aliipuliza kwa jirani yake. Profesa Liebscher alikuwa anasifu: "Kuleni, kuleni! Asiyechafuka hajaila!"

Wakashuka kwenye chumba cha kuvalia. Mlango wa kwanza ulipofunguka, kipimo cha vumbi kikalia. Kilikuwa hakijawahi kulia namna ile tangu kifungwe. Ng'ambo ya kioo, Tilo alikuwa amevaa vazi jeupe, na visahani vyake vya silikoni, kazi ya tangu kiangazi, vilikuwa nje ya makasha yao, vimepangwa ili wageni wavione. Chembe moja ya sukari juu ya chipu kama ile ni mwamba ulioporomokea katikati ya mji. Tilo alituonyesha viganja vyote viwili, kama mtu anayesimamisha gari.

Profesa Liebscher alimsogelea Bi Gundula. "Tuwapulize hewa kidogo, tuwavalishe, waingie," alinong'ona. "Wametoka mbali."

"Profesa, masharubu yako yenyewe yamefanya theluji," Bi Gundula akamjibu, si kwa kunong'ona. Kisha akawageukia wageni. "Samahanini sana. Hamwezi kuingia."

Profesa Rautio ni mrefu na si mtu wa kupoteza maneno. "Bibi," alisema, "unajua kwamba sisi ndio tutakaosema ndiyo au hapana?"

"Najua. Na mimi ndiye niliyewaambia kwenye ombi kwamba chumba hiki ni safi. Mkiingia hivyo mlivyo, nitakuwa nimewadanganya."

"Wewe mwenyewe unaingia mara ngapi?"

"Sijaingia hata siku moja."

Mgeni alimtazama kana kwamba sasa ndipo ukaguzi umeanza. "Unakiombea pesa miaka yote hii na hujakiona? Hutamani?"

"Natamani mno. Lakini kila anayeingia anaingia na vumbi lake, na mimi sina kazi humo."

"Basi utaingia lini?"

Bi Gundula aliangalia kioo, Tilo akiwa bado ameinua mikono. "Yule akipata jibu lake."

Wageni walisimama dirishani kwa muda, wakatazama walichoweza kutazama, wakaondoka na treni ya mchana. Profesa Liebscher aliketi mbele ya vipande vilivyobaki. "Nimeiua taasisi kwa mkate," alisema. Bi Gundula akampangusa bega. "Haijafa. Ila kuanzia leo mkate huu usivuke geti." Na kweli haujavuka. Ndiyo asili ya kanuni ya kumi na moja, ambayo wageni wengi hudhani ni mzaha.

Jumatatu iliyofuata alimpigia simu Profesa Rautio, akamwambia Krismasi ikipita Dresden nzima itakuwa imejipangusa. Waliosimama karibu walisikia kicheko upande wa pili, jambo walilolichukua kuwa dalili njema. Wakaguzi walirudi tarehe 21 Januari. Safari hii walipewa viazi vya kuchemsha na jibini laini lenye mafuta ya kitani, chakula kisichoruka. Wakavaa, wakaingia. Bi Gundula alibaki dirishani.

Ndani, Profesa Rautio alimwuliza Tilo, "Na isipofaulu?" Tilo alijibu kama alivyokuwa amefunzwa ghorofa ya pili: "Tutajua kwa nini, na hakuna nchi nyingine itakayotumia kodi ya watu wake kulijua tena." Mwezi Machi ulikuwa haujaisha Brussels waliposema ndiyo, na hakuna aliyefungasha. Kama tulikubaliwa kwa sababu ya swali la Tilo, au ya mlango uliofungwa, au licha ya sukari, hawakusema. Bi Gundula alipoulizwa alisema tu, "Hilo nalo ni swali zuri." Profesa Rautio, ambaye sasa ni rafiki yake, humletea kila Krismasi peremende nyeusi za chumvi. Hatujamwona mtu mwingine akizimaliza.

Jibu lilichukua miaka sita, na lilikuwa hapana. Utando ukiwa mwembamba kiasi kile, kumbukumbu inafifia. Watu wa magazeti hawakuja. Bi Gundula ndiye aliyefungua chupa ya mvinyo wa povu, akasema hapana iliyothibitishwa ni mali ya umma, na viwanda viwili vilivyokuwa vinataka kujengea juu ya ndiyo vitatushukuru siku moja. Kimoja kimeshashukuru.

Siku hiyo ilikuwa haki yake kuingia. Alivaa vazi, kofia, barakoa na viatu vya kitambaa. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe cha mlango wa pili, Tilo alipomsogelea kutoka nyuma na kusema, akiwaza kwa sauti, "Kitu kimoja hakiniingii akilini. Inafifia, lakini haifuti yote. Kuna sehemu inakataa kusahau, na hatujui kwa nini."

Bi Gundula alishusha barakoa. "Hamjui?"

"Hatujui kabisa."

"Mwanangu, ungengoja hata dakika moja!" alisema, akavua kofia, akapanda ghorofani kuandika ombi jipya. Alikuwa bado amevaa viatu vya kitambaa. Ruzuku ya ombi hilo ndiyo inayolipia ukumbi wa mashariki hadi leo, pamoja na mishahara ya wengi mnaosoma hapa.

Orodha ya aliyoyafanikisha ni ndefu: mashine tatu za kuchora kwa miale ya elektroni, ushirikiano na wenzetu wa Ubelgiji na Ufaransa, na mkutano wa kila mwaka ambako wanasiasa hukaa safu ya mbele na kukatazwa kuhutubia. Aliwahi kumwambia waziri mmoja wa jimbo aliyetaka kukata utepe mlangoni mwa chumba safi, "Mheshimiwa, utepe una nyuzi." Waziri akapeana mikono, akaondoka.

Sasa anakwenda kwenye bustani yake ndogo ya mtaa wa Pieschen, yenye matunda ya kurante na kibanda kinachovuja. Anajifunza Kifini. Anasema lugha hiyo ina vikwazo vya kutosha kumfikisha miaka tisini.

Tumemwandalia hafla Ijumaa tarehe 28 Novemba. Kwa siku hiyo moja kanuni ya kumi na moja imelegezwa: stollen itakatwa, lakini ng'ambo ya barabara, kwenye karakana ya baiskeli, na Profesa Liebscher ameomba yeye ndiye ashike kisu. Tilo naye amekiwekea chumba safi saa moja isiyo na kazi, na visahani vyote vitakuwa ndani ya makasha yao. Amepewa amri na kundi lake zima asitamke hata wazo moja mbele ya Bi Gundula mpaka mlango wa pili ujifunge nyuma yake.

Ilibidi tumwulize aanze na kipi, maana akianza na mkate haingii tena. Hakufikiri. "Chumba kwanza. Stollen najua ladha yake."

Bi Gundula, tunakushukuru kwa miaka uliyosimama dirishani ili wengine wapate kuingia. Mungu akujalie afya, mvua ya kiasi kwenye kurante zako, na siku nyingi zenye mambo usiyoyajua. Ijumaa ukitoka humo ndani, tusimulie ulichokiona. Sisi tuliozoea kuingia tumeacha kutazama.

H. Nitzsche, karakana ya hewa safi