Shamba la Mzee Salvu na Miaka ya Zilpah Omollo Kijitoni

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, Bi. Zilpah Omollo atafunga geti la ofisi ya shirika letu la hifadhi ya ardhi kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na miwili ya kulinda maeneo ya wazi yaliyosalia kandokando ya kijito chetu, upande huu wa Quakers Hill. Miaka saba ya mwanzo alijitolea bila malipo. Iliyofuata amekuwa mratibu wa watu wa kujitolea, na wengi mnaosoma ukurasa huu wa Kiswahili wa jarida letu mlinaswa naye kanisani, dukani Blacktown au ndani ya treni, kabla hamjajua mnaitwa kufanya nini.

Alifika Sydney kutoka Rongo na watoto wawili, akapata kazi katika makao ya wazee. Jumamosi moja aliwaona watu wameinama kijitoni na magunia. Akadhani wamepoteza kitu, akavuka barabara kwenda kuwasaidia kutafuta. Kumbe wanang'oa magugu. Akainama nao. Mwezi huohuo, kwa bidii zake, aling'oa kitalu kizima cha nyasi za asili zilizokuwa zimepandwa na wenzake, kisha akasimama akisubiri pongezi. Kisa hicho amemsimulia kila mgeni tangu hapo, ili asiwepo wa kuogopa kukosea.

Sauti yake inasikika ng'ambo ya kijito. Uwanda ulio nyuma ya kituo cha treni ulipopangiwa kuwa maegesho ya magari, alijaza ukumbi wa mkutano wa hadhara na waumini wa makanisa matatu na msikiti mmoja, wengine na watoto wachanga mgongoni. Uwanda ule bado upo. Watoto wetu wanachezea mpira pale.

Aliposikia kwamba ni mimi ninayeandika wasifu huu, alinipigia simu. "Lusekelo, mdogo wangu, usiandike kama hotuba ya harusi. Andika na la Salvu." Basi naliandika.

Mzee Salvu alikuwa Mmalta, mfugaji wa kuku aliyestaafu, mwenye shamba la nyasi na mikaratusi ambalo sehemu kubwa halikuwahi kuguswa na jembe. Shirika letu lilimwandikia kwa miaka mingi, naye hakujibu. Zilpah akaenda kununua mayai. Wiki iliyofuata akaenda tena. Alikaa jikoni kwa mzee, wakanywa chai, wakazungumzia kuku, wajukuu na maumivu ya magoti. Karibu miaka miwili ilipita hivyo. Ofisini tulishaanza kumtania kwa mayai aliyokuwa akitugawia.

Hatimaye mzee mwenyewe ndiye aliyeanzisha habari ya ardhi. Alitaka hati ya hifadhi, ile inayomwachia mwenye shamba mali yake lakini inazuia lisijengwe kamwe, hata likiuzwa. Zilpah akapeleka hati. Mzee akaisoma yote, akaiweka mezani.

"Binti yangu Karmena anakuja kutoka Perth wiki ijayo," akasema. "Nataka alisikie kwangu kwanza. Nitatia sahihi naye amekaa hapo."

Zilpah alijua ofisini tunasubiri simu yake. Angeweza kumbembeleza, na mzee alimpenda kiasi kwamba huenda angekubali. Hakumbembeleza. Alimaliza chai yake, akarudi na hati isiyo na sahihi. Kabla wiki haijaisha Mzee Salvu alipatwa na kiharusi, akafariki.

Karmena alikuja kumzika baba yake. Zilpah alikwenda mazishini akiwa amedhamiria kumweleza. Alipofika mbele yake akaona macho yalivyovimba, akamshika mkono, akampa pole, akaondoka. "Kwetu shamba halizungumzwi mbele ya jeneza," alituambia baadaye. Aliona asubiri matanga yaishe. Alipopiga simu, Karmena alikuwa ameshatia sahihi ya kuuza kwa kampuni ya ujenzi.

"Ulinishika mkono mlangoni pa kanisa," Karmena alimwambia. "Mbona hukuniambia?"

Ofisini palisemwa maneno makali. Wapo waliosema adabu zake zimetupotezea ardhi ambayo haitapatikana tena. Hakujitetea. Alitaka kuacha kazi, lakini Karmena alikuwa ametuombea ruhusa ya kuchukua mimea kabla tingatinga hazijaingia, na Zilpah hakuweza kuwaachia wengine kazi hiyo. Alituita sote. Tulichimba, tukabeba kwa matoroli, tukapanda kijitoni. Mingi ilikufa kiangazi kilichofuata. Mikaratusi, bila shaka, haikuwezekana kuhamishwa. Leo pale pana mitaa yenye majina ya ndege ambao hawatui tena, na Zilpah akienda Quakers Hill huzunguka njia ndefu asiipite.

Miaka miwili iliyopita Karmena alihamia Sydney. Jumamosi moja akatokea kijitoni na glavu zake, bila kualikwa. Tangu hapo wamefanya kazi bega kwa bega, wakiongea habari za magugu na mvua. La shamba halikuguswa.

Mwezi huu, wakati wa chai, Karmena akaligusa. Nilikuwa nimekaa karibu nao.

"Baba alikuwa akinipigia kila Jumapili," alisema. "Ile hati hakunitajia hata mara moja. Alikuwa akinitajia wewe. Alisema amepata mtu wa kunywa naye chai."

Zilpah alishika kikombe mpaka chai ikapoa, kisha Karmena akakichukua taratibu mkononi mwake, akaenda kumjazia kingine.

Dada Zilpah, ulitaka liandikwe, limeandikwa. Hatujampata wa kushika nafasi yako, na sijui kama tutampata. Tulizoea kukuona wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, tukasahau kukuuliza kama umechoka. Hilo linatuuma. Asante kwa uwanda wa nyuma ya kituo, kwa mayai, na kwa kila mmoja wetu uliyemfundisha kuinama. Nenda Liverpool, hapahapa Sydney, ukapumzike kwa wajukuu wako, hata kama utawasemesha Kiswahili wakujibu Kiingereza. Magoti yapone, usingizi uwe mtamu, na Mungu akuzidishie siku njema. Jumamosi tutakayokuwa kijitoni bila wewe, patakuwa kimya mno.

Lusekelo, kwa niaba ya wafanyakazi na watu wote wa kujitolea