Chumba cha Vitu Vichache

Mbele yangu kwenye basi walikaa mawifi wawili, mke wa mtu na dada mkubwa wa huyo mtu. Mke alikuwa anamwonyesha mwenzake, kwenye simu, chumba chake cha kulala alichokipanga upya. Nami nikarefusha shingo, kwa kuwa sikuwa na gazeti.

Kuta nyeupe, kitanda kifupi, taa moja. "Vitu vichache, wifi," alisema mke. "Macho yanapumzika."

"Na lile kabati la mama?"

"Nimempa jirani."

"Hata kuniuliza, wifi?"

"Chumba nalala mimi, wifi."

Neno wifi sasa lilikuwa linatoka kooni kama mwiba wa samaki. Dada akaichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaikagua pole pole kama mtu anayetafuta chawa. Kituo changu kikapita. Nikakiacha kipite.

"Mbona mto ni mmoja?"

Mke alikuwa anatazama nje. "Si nimekwambia, vitu vichache."

"Mdogo wangu anarudi na lori Ijumaa. Kichwa chake atakilaza wapi?"

"Kwako. Maboksi yake nimeyashusha barazani pako leo asubuhi, ulipotoka tu. La viatu liko chini, redio nimeiweka juu isije ikavunjika."

Basi likasimama. Dada ndiye aliyekuwa amebonyeza kengele ya kushuka. Mlango ukafunguka, ukakaa wazi, dereva akageuka kututazama. Dada hakuinuka.