Silvesta Habonimana, Mwalimu Aliyekuja na Kiti Chake

Baba Padri, shemeji yangu Charlotte na watoto, wakwe zetu, walimu na wanafunzi, majirani wa Kimanga, na ninyi mliotoka bondeni na milimani, mimi ni Renovati, mdogo wake marehemu, nimetoka Kasulu, Tanzania, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu. Nitasoma polepole, kwanza kwa sababu nina uchungu, na pili kwa sababu tangu nifike nimeambiwa Kiswahili changu ni cha redioni, kama mlivyomwambia yeye alipofika.

Marehemu Silvesta Habonimana alizaliwa tarehe 3 Mei 1971 katika kijiji cha Heru Juu, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, akiwa mtoto wa kwanza wa hayati mzee Ndayisenga na mama yetu Blandina, ambaye yuko hai, ana miaka themanini na tatu, na miguu yake haikumruhusu kusafiri. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akaendelea na sekondari Kigoma mjini hadi 1989, na mwaka 1992 akaingia chuo cha ualimu, akachagua Kiingereza, somo ambalo wengine wote nyumbani kwetu tulilikimbia, akahitimu mwaka 1994.

Kuanzia Januari 1998 alifundisha Kiingereza katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa watoto waliotoka Uvira na Fizi, huku Kongo, na huko ndiko alikofahamiana na mwalimu Bienvenu, ambaye mwaka 2006 alirudi kwao hapa Uvira, akafungua shule ya sekondari, akawa prefe wake, yaani mkuu wa shule, kisha akamwomba kaka amfuate, kwa kuwa hakuwa na mwalimu wa Kiingereza hata mmoja. Mama hakufurahi, alisema watu wanakimbia kutoka huko na wewe unakwenda huko kutafuta nini, lakini alipoona mizigo imeshafungwa alimpa saa ya mkono ya marehemu baba, akamwambia asisahau njia ya kurudi.

Alishuka Kalundu kwa boti tarehe 2 Septemba 2007, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, hana mke, hajui Kifaransa, na saa yake ikiwa bado ya Tanzania, saa moja mbele ya hapa, kwa hiyo wiki yote ya kwanza alikuwa akifika shuleni saa nzima kabla ya wengine, mlinzi akamsifu kwa bidii, naye hakukataa sifa. Alituandikia kwamba dagaa ni walewale wa kwetu ila hapa wanaitwa ndagala, kwamba fufu ya muhogo ilimkaa tumboni kama jiwe hadi alipoizoea, na kwamba wanafunzi walikuwa wakisimama wote kwa heshima anapoingia, kisha wakicheka wote anapofungua mdomo. Saa ile hakuibadilisha kamwe, aliyemuuliza alijibiwa kwamba hiyo ni saa ya mama, naye anataka kujua ni wakati gani mama anasali rozari.

Mwezi Novemba mwaka huohuo mama mzazi wa prefe Bienvenu alifariki, shule ikafungwa bila tangazo kwa sababu kila mtu alijua inafungwa, isipokuwa kaka, ambaye aligonga kengele mwenyewe na kufundisha watoto wachache waliokuwa wamekuja kuchota maji, na alasiri akaenda kwenye kilio, akawapa watu mikono, akaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi mbele ya turubai, akakaa muda kidogo, akaaga akarudi kusahihisha madaftari. Hakujua kwamba mtaani hapa anayekuja kukaa na wafiwa hubeba kiti chake kutoka nyumbani, jina limeandikwa mgongoni kwa rangi ili kisipotee, na anayekuja mikono mitupu ni mpita njia, hupewa cha kukalia kwa adabu kama anavyopewa mgeni.

Kuanzia siku hiyo walimu wenzake waliendelea kumsalimia vizuri, hakuna aliyemgombeza, ila hakuna pia aliyemwambia jambo lolote lililohusu mtaa, si ndoa, si ubatizo, si ugonjwa wa mtu, naye akaanza kutuandikia kwamba pengine atarudi Kasulu mwisho wa muhula. Aliyemfungua macho ni Charlotte, wakati huo mwalimu wa shule ya msingi ya jirani, aliyemsimamisha njiani na kumwambia bila kuzunguka: "Weye ulikalia kiti ya mama yangu, yeye akasimama mpaka ukaenda."

Basi alikwenda kwa fundi seremala wa Mulongwe, akatengenezesha kiti cha mbao, akakipaka rangi ya kijani, akakibeba kichwani mchana kweupe hadi kwa mama Pétronille, mama yake Charlotte, akampigia magoti na kumpa. Mama Pétronille, ambaye leo ameketi pale mbele na anatikisa kichwa, alikitazama kiti, akamrudishia na kumwambia: "Miye kiti niko nayo. Hii ni ya kwako, mwalimu. Kilio ingine ukuye nayo, tujue kama weye uko wa hapa."

Alikwenda nacho. Amekwenda nacho kwa miaka kumi na sita, kwa waliomfahamu na wasiomfahamu, juu ya pikipiki hadi Luberizi na Kiringye, ambako alifungua masomo ya Jumamosi na ambako Kiha chake na Kirundi cha wenyeji vilielewana bila mkalimani, na mara moja alikibeba kwa miguu hadi Lemera, barabara ilipokatika. Wanafunzi wake wengi leo ni walimu wa Kiingereza na wakalimani, na baadhi yao wameniambia kwamba masomo wameyasahau kidogo, kiti hawajakisahau.

Tarehe 18 Julai 2009 alifunga ndoa hapa Uvira na Charlotte, na mimi naweza kusema mama Pétronille alikuwa amekwisha kumchagua kabla ya binti yake, wakajaliwa watoto watatu, Délice mwaka 2010, Espoir mwaka 2013 na Naomie mwaka 2016.

Mwaka 2021 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari, akatibiwa hapa mjini na baadaye Lemera, figo zikaanza kushindwa mwaka huu mwezi wa Juni, lakini aliendelea kufundisha akiwa ameketi, hadi Alhamisi tarehe 12 Septemba 2024, alfajiri, alipofariki nyumbani kwake mkono wake ukiwa mkononi mwa mke wake.

Sasa niseme wazi jambo ambalo wengi mnalijua. Sisi watu wa Kasulu hatukuja kuzika, tulikuja kumchukua, mama alitutuma, kaburi kando ya baba limekwisha kuchimbwa, gari tumekuja nalo, na shemeji alisema hatatuzuia, ingawa niliona alivyoumia. Tulivuka mpaka wa Kavimvira Ijumaa jioni, gari likashindwa kuingia mtaani kwa ajili ya viti, si vya kukodi, kila kimoja na jina lake mgongoni, vya Kimanga, vya Kalundu, vya Luberizi, na wenyewe wameketi juu yake. Jumamosi nilimpigia mama simu, nikamweleza nilichokiona, naye aliuliza jambo moja tu, kama watu wale wanapita au wamekaa, nikamwambia wamekaa, mama, na viti ni vyao. Alilia, halafu akasema, mwacheni hapo, yuko kwao, mimi nileteeni saa.

Saa tunarudi nayo, na haina haja ya kubadilishwa.

Kwa niaba ya familia zote mbili nawashukuru madaktari na wauguzi wa Uvira na Lemera, prefe Bienvenu na walimu wote, Baba Padri, na majirani mliopika, mliochota maji na mliolala nje pamoja nasi siku hizi zote.

Na wewe kaka, Ijumaa nilifika kwako mikono mitupu kama ulivyofika wewe, wakanipa kiti chako cha kijani, ndicho ninachokikalia mpaka sasa, sikujua kwamba kiti kinaweza kumliza mtu mzima. Nikirudi kwa misa yako ya mwaka nitakuja na changu. Umekaa na watu vya kutosha, sasa lala, Mungu akupe amani yake.