Mota za Fundi Kinyonga

Wasikilizaji wapendwa, Jumanne asubuhi mama mmoja nisiyemjua aliingia hapa kituoni bila miadi. Alikaa mapokezi, mkoba magotini, akasema hatoki mpaka anione. Nilidhani ameleta salamu za kusomwa. Kumbe ameleta msiba. Mumewe, fundi wa mota ndogo, amefariki. Wengi mlimjua kama Fundi Kinyonga.

Fundi Kinyonga amefariki akiwa na miaka sitini na minane. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la dawa, na meza yake ilijaa alama za kuungua. Sifa yake ilikuwa moja: kuifanya mota ndogo iende polepole bila kupoteza nguvu. Ndiyo maana akaitwa Kinyonga.

Alianza kwa ajili ya dada yake, mshonaji, ambaye mguu wake ulibaki ukitetemeka baada ya ugonjwa. Kila akikanyaga pedali, cherehani yake ya betri ilikuwa ikimkimbia, sindano ikimchoma vidole. Fundi alikaa nayo siku tisa. Siku ya kumi dada akashona kola bila kujichoma, akamtania kaka yake: sasa inakwenda kama wewe ukiitwa kuosha vyombo.

Miaka miwili iliyopita nilimwalika kwenye kipindi hiki. Nilikuwa nimemaliza chuo cha umeme miezi mitatu tu kabla. Akaeleza kwamba yeye hapunguzi umeme. Huukata na kuurudisha kwa kifaa kidogo, mamia ya mara kwa sekunde.

"Mpagazi ukimpunguzia chakula atakwenda polepole, sawa, lakini gunia hatalibeba," alisema. "Mimi mota naipa chakula chake kilekile, ila kijiko kijiko."

Nilicheka. Hewani. Nikawaambia ninyi kwamba kuwasha na kuzima namna hiyo huunguza mota, afadhali kupunguza umeme tu. Fundi akasema, "Labda, mwanangu."

Mkanisikiliza. Baadhi yenu mkang'oa kifaa alichowafungia kwenye cherehani, mkapunguza umeme. Cherehani zilipofika kwenye pindo la jinzi zikakwama, zikatoa moshi. Kwa kuwa zilipitia mikononi mwake, lawama zikamwangukia yeye. Watu wakamwita Mchoma Mota. Wateja wakamkimbia.

Wiki malalamiko yalipoanza, nilifungua vitabu vyangu vya chuo. Fundi alikuwa sahihi. Nilimfuata kwenye chumba chake cha kazi, nikamwahidi kusahihisha hewani. Sikusahihisha. Mkuu wa vipindi alisema mtangazaji anayejikana hasikilizwi tena, nami nikanyamaza, kwa sababu nilikipenda kiti hiki.

"Kila Jumamosi alifungulia redio," mjane wake aliniambia. "Namwambia, mzee, zima. Ananijibu, subiri, leo atasema."

Miaka miwili, wasikilizaji. Kila Jumamosi.

Pole sana, mama. Pole kwa dada yake mshonaji na kwa watoto wote wa nyumba ile. Nasi wengine tujiulize: nani anakaa akisubiri neno letu, nasi tunalo, tumelikalia tu?

Jana mkuu aliniambia wazi kwamba nikilisema, kuanzia Jumamosi ijayo kipindi ni cha mwingine. Nimemwelewa. Basi nalisema, kwa sauti hiihii iliyomcheka. Njia ya Fundi Kinyonga ilikuwa sahihi. Hakuchoma mota ya mtu yeyote. Mota zile nilizichoma mimi.